Mmehama Pamoja, Je, Mmefika Pamoja?

Kila mwaka ikikaribia Agosti na Septemba, kuna familia hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini inafunga mabegi. Mhadhiri wa Iringa kapata udhamini wa masomo, nesi wa Mbeya kaitwa kazini nje, mhandisi wa Mafinga kapata mkataba. Ndugu wanakusanyika, kuku anachinjwa, sala inapigwa, picha zinapigwa. Kila mtu anawaambia, "Haya, mmeukata!" Kwenye picha wote mnacheka. Yale yanayofuata baada ya picha ndiyo hakuna anayekusimulia.

Mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka minne tulikaa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, kuanzia Agosti 2016 hadi Juni 2018. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi ni Mhehe wa Iringa. Yeye alikwenda kusoma shahada ya uzamili, mimi nikaacha meza yangu ya uhariri nikamfuata. Tangu turudi, wanandoa wengi wameniuliza swali lile lile: "Dada, twende wote au mmoja abaki?" Leo nawajibu kwa kirefu.

BABU ALIKWENDA PEKE YAKE

Kusafiri si jambo geni kwetu. Wazee wa Rungwe na Kyela bado wanakumbuka enzi za Wenela, ile kampuni iliyokuwa ikiwaandikisha vijana kwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mwanaume alikwenda peke yake, mke akabaki na shamba, watoto na mama mkwe. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi, na wapo ambao hawakurudi kabisa.

Na sisi pia tumepokea wageni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia 1942, wakimbizi kutoka Poland waliletwa Tanganyika. Baadhi waliwekwa Ifunda, kule Iringa, na wengine Kidugala, ambayo leo ipo mkoa wa Njombe. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Hebu wafikirie wale akina mama wakijifunza kupika chakula cha nchi wasiyoijua, huku waume zao wako vitani au hawajulikani walipo.

Tofauti na enzi hizo, wanandoa wa siku hizi wanapanda ndege moja. Hilo ni jambo jema. Ila kuna kitu babu na bibi hawakukutana nacho: kukaa ninyi wawili tu kwenye vyumba viwili, hakuna shangazi wa kusuluhisha, hakuna jirani wa kupiga hodi, na mmoja wenu ndiye mwenye kila kitu.

BARIDI NDIYO RAHISI

Watu wengi wakisikia Minnesota wanauliza baridi. Jamani, baridi ipo! Januari usiku hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna siku hupita hapo. Maziwa yanaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake na kuvua samaki kwenye tundu. Mimi niliyezoea Julai ya Iringa, na mume wangu aliyezoea ukungu wa Tukuyu, tulidhani tunaijua baridi. Makoti tulinunua mitumba Mwanjelwa kabla ya safari. Tukacheka sana tulipofika, maana yale makoti yalikuwa yamerudi kwao.

Lakini baridi ina dawa. Unavaa nguo tatu, unanunua viatu vya theluji, unajifunza kutembea kama bata. Kilichonisumbua zaidi ni giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukikaa ndani wiki nzima na mtoto, unaanza kulia bila sababu. Daktari alinishauri vitamini D, na pia kutoka nje kila siku hata kwa nusu saa. Nawaambia wanaojiandaa: mkiona mwenzenu amekuwa mnyonge ghafla wakati wa majira hayo, msiseme "anajidekeza". Mpelekeni akaonane na daktari.

Chakula nacho kilipata ufumbuzi. Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, na wengi wao waliishi Kenya kabla ya kufika kule. Tulipanda treni ya Green Line, inayounganisha Saint Paul na Minneapolis tangu 2014, tukashukia karibu na mtaa wa Cedar-Riverside. Kwenye duka moja mama wa Kisomali akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi, "Unataka unga ya ugali?" Nilitaka kumkumbatia. Mchele wa Kyela haukuwepo, lakini siku ile tulikula ugali wa moto na mboga za majani, tukalala kama watoto.

MWENYE VIZA NA MFUASI WAKE

Sasa twende kwenye kiini cha mada. Mume wangu alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1. Mimi na mtoto tulikuwa na F-2, ya wategemezi. Mke au mume mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi Marekani, hata kibarua cha saa mbili. Hapewi namba ya Social Security, ambayo kule inaulizwa karibu kila mahali. Kwa hiyo wale mnaodhani mke atakwenda "kubeba maboksi" mume akiwa darasani, fahamuni kwamba kwa viza hiyo ni kuvunja sheria, na anaweza kurudishwa.

Mbeya nilikuwa na mshahara wangu, jina langu chini ya makala zangu, na watu wa kuniamkia asubuhi. Saint Paul nikawa "mke wa mwanafunzi". Akaunti ya benki jina lake, mkataba wa nyumba jina lake, posho yake, hata kadi ya maktaba ya chuo jina lake. Yeye hakunifanyia ubaya wowote. Ni utaratibu tu ulivyo. Lakini utaratibu ukiingia ndani ya nyumba unabadilisha hata sauti za watu.

Jioni moja ya Februari 2017 nikamwambia nahitaji dola 20. Akauliza, bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Za nini? Si kila kitu nimenunua?" Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mtihani kesho yake. Ila mimi sikumbuki mara ya mwisho kumweleza mtu yeyote matumizi ya dola 20. Tulikaa siku tatu tunazungumza kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama asante."

Siku ya nne, Jumamosi, mume wangu ndiye aliyeanza. Akachukua daftari, akasema, "Mama, kaa hapa tuandike." Tukaandika posho yote inavyokwenda. Karibu nusu ilimezwa na pango. Iliyobaki tukaigawa: chakula, usafiri, nyumbani Tanzania, akiba, na fungu dogo la kila mmoja lisiloulizwa. Langu lilikuwa dola 40 kwa mwezi. Pesa ndogo, lakini wewe acha tu! Nilitembea nimenyooka mgongo.

Usiku ule naye akanieleza lake. Alikuwa anaogopa kufeli. Wenzake darasani walikuwa vijana wasio na familia, wakisoma mpaka usiku wa manane, yeye akirudi kuogesha mtoto. Nyumbani Tukuyu wanadhani anaogelea kwenye dola. Kumbe nilikuwa naishi na mtu mwenye mzigo mzito, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake wa kwake.

MTOTO ANAFIKA KABLA YENU

Binti yetu ndiye aliyezoea haraka kuliko wote. Mwaka wa kwanza nilikwenda naye kwenye programu ya ECFE, ambayo shule za umma za Minnesota zinaiendesha tangu miaka ya 1970. Mzazi na mtoto wanahudhuria pamoja, mtoto anacheza, wazazi wanakaa na mwalimu kujadili malezi. Pale ndipo nilipopata marafiki wa kwanza. Kama mna mtoto wa chini ya miaka mitano, ulizeni kama kuna kitu kama hicho huko mwendako. Kinamtoa mama ndani kuliko ushauri wowote.

Septemba 2017 akaanza chekechea kwa basi la njano. Kufika Krismasi alikuwa anaota kwa Kiingereza. Tukaweka sheria: ukivuka mlango huu, Kiswahili. Hata baba akitoka darasani na kichwa kimejaa nadharia, Kiswahili. Kuna siku alinijibu, "But mama, hakuna mtu anaongea hii." Nikamwonyesha simu. Nikamwambia, bibi yako anaongea hii.

Simu nayo ina vituko vyake. Majira ya baridi Saint Paul ipo nyuma ya Tanzania kwa saa tisa. Saa tatu usiku kwetu, Tukuyu ni saa kumi na mbili asubuhi, mama mkwe anawasha moto. Kwa mila za Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, wanapishana kwa heshima. Sasa video ya WhatsApp haijui mila! Bibi anageuza simu kumwonyesha mjukuu ng'ombe, mara baba mkwe huyo hapo. Mimi chini ya meza! Mume wangu anacheka mpaka anakosa pumzi. Vicheko hivyo vilitusaidia kuliko tunavyofikiri.

Kuhusu kutuma pesa nyumbani, tulikubaliana kiasi kimoja kwa mwezi kwa pande zote mbili, Iringa na Tukuyu sawasawa. Ombi la ghafla, mtu wa upande husika ndiye anayejibu. Shemeji akinipigia mimi, namwambia kwa upole, "Kaka yako atakupigia." Ugomvi mwingi ukafa palepale.

KURUDI NAKO NI KUHAMA

Msidhani mkipanda ndege ya kurudi mambo yamekwisha. Tulitua Songwe Juni 2018 na mtoto wa miaka sita anayekaa kimya akiona mtu mzima, akisubiri aulizwe "How are you?" Bibi yake alisubiri shikamoo, haikuja. Ilichukua wiki kadhaa. Januari 2019 alipoanza darasa la kwanza hapa Mbeya, Kiswahili chake cha ndani ya nyumba kilimbeba, ingawa wenzake walimwita mzungu kwa muda.

Mimi nilirudi kwenye uhariri nikaanza tena ngazi ya chini kidogo. Mume wangu alirudi na cheti. Kwa hiyo lile fungu la kila mwezi lisiloulizwa halikufutwa. Lipo mpaka leo, ila kwa shilingi.

KABLA HAMJAFUNGA MABEGI

Kwanza, someni viza kabla ya tiketi, na msome masharti ya mtegemezi. Marekani, mwenye F-2 hafanyi kazi, lakini mwenye J-2 anaweza kuomba kibali. Na sheria zinabadilika. Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi tena kwenda na mke, mume au watoto. Waliobakizwa hasa ni wa shahada za utafiti na wenye udhamini wa serikali. Desemba 2025 Marekani ilitangaza vikwazo vya viza vinavyoigusa Tanzania, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia Januari 1, 2026. Ulizeni ubalozini, msimsikilize mtu wa kijiweni.

Pili, ongeeni kuhusu pesa mkiwa bado hapa. Nani atashika, nani ataomba, nani hataulizwa.

Tatu, yule anayefuata awe na mpango wake kwa maandishi: kujifunza kuendesha gari, kujitolea maktaba, kuchukua kozi inayoruhusiwa. "Nitaona nikifika" si mpango.

Nne, tafuteni Waswahili na Waafrika wenzenu, lakini pia mgongeeni mlango jirani mwenyeji. Wetu alikuwa mzee mstaafu aliyetufundisha kuzoa theluji.

Tano, kama mmoja atabaki nyumbani, basi isiwe kimyakimya. Wekeni tarehe ya kuonana tena, na wote muijue.

Na wewe unayesoma haya huku barua ya udhamini ikiwa mezani, usiku wa leo zima televisheni. Muulize mwenzako swali moja tu: "Tukifika huko, wewe utakuwa nani?" Msikilize mpaka amalize.

Safari njema!