Kamera na Mkalimani Wake

Mwezi wa Agosti 2024, zamu ya mkoa wa Kagera ilipowadia katika kazi ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kazi iliyozinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai mwaka huo, mkazi wa Kaniha, mkoani humo, aliyefika kituoni kujiandikisha aliketi mbele ya kamera, akaombwa atulie, na kabla hajawahi kuinyoosha kola ya shati lake taswira yake ilikuwa imekwisha kutua ndani ya fomu, kando ya jina lake na alama za vidole vyake. Wengi wetu hudhani kwamba kilichofanya kazi pale ni kamera, na wachache wapendao udadisi husema ni kompyuta; lakini yuko wa tatu, asiyeonekana wala kutajwa, ambaye bila yeye wawili hao wangetazamana kutwa nzima kama mabubu.

Kamera haijui fomu ni nini. Kazi yake ni kupokea nuru kwa jicho lake la kioo, kuigeuza tarakimu, mamilioni kwa mamilioni, na kuzihifadhi kwa mpangilio alioupenda mwundaji wake. Programu ya kuandikisha watu nayo haijui kamera. Ijualo ni kwamba katika mraba fulani yapasa kukaa sura ya mtu. Waya unaoziunganisha hupitisha umeme tu, haupitishi maana; hapo ndipo aingiapo yule wa tatu, programu ya ukalimani.

Mtu wa Kaniha anao mfano wa jambo hili mlangoni pake. Sokoni hukutana Mshubi, Mhangaza, Mzinza, na Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Na lau kila mmoja angelazimika kujifunza lugha ya kila mwenziwe ndipo anunue mhogo, jua lingekuchwa na mihogo ingali chini. Hujifunza Kiswahili, basi. Hesabu ya kompyuta ni ile ile: aina 20 za kamera na programu 10, zikiunganishwa moja kwa moja, zahitaji viunganisho 200, ilhali ikiwekwa lugha moja katikati vyatosha 30, kila upande ukijifunza lugha hiyo mara moja tu.

Katika miaka ya 1990 neema hiyo ilikuwa haba. Kila kamera ilikuja na diski yake, na kila diski ilikuwa na programu isiyotambua kamera ya jirani. Mapatano yalikuwapo, mathalan TWAIN ya mwaka 1992, iliyomweka msimamizi mmoja kati ya programu na chombo cha kupigia picha. Lakini kwa kamera lugha iliyoenea zaidi ni PTP, itifaki ya kuhamishia picha, ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa kanuni ya kimataifa kwa namba ISO 15740. Adabu zake zapendeza kusimuliwa. Kompyuta ndiyo ibishayo hodi na kufungua kikao. Huiuliza kamera ina uwezo gani, nayo hujibu bila majivuno, ikitaja iyawezayo na kuacha isiyoyaweza. Kisha hutoa orodha ya picha, kila moja na namba yake, na kompyuta huagiza kwa namba hadi itosheke, ndipo kikao kifungwe.

Lakini wanadamu hawakosi lahaja. Canon na Nikon waliongeza maneno yao wenyewe juu ya lugha hiyo ya pamoja, na kamera kongwe hazikuijua kabisa. Hapo ndipo ilipodhihiri hekima ya mafundi walioanzisha mradi wa gPhoto mwishoni mwa miaka ya 1990. Maktaba yao iitwayo libgphoto2 waliijenga kwa vipande: kipande kimoja hushughulika na njia tu, iwe USB au waya wa kale wa siriali; kingine hujua tabia za ukoo mmoja wa kamera; na juu kabisa upo mlango mmoja ambao programu yoyote, kama vile digiKam au Entangle, huupitia bila kuuliza nani yuko ndani. Ikizuka kamera mpya huandikwa kipande chake peke yake, na nyumba nzima haibomolewi. Leo maktaba hiyo hutambua kamera zaidi ya 2,500.

Faida ya vipande ilionekana hata katika daftari letu. Mashine 8,000 za BVR, yaani za kuandikisha wapiga kura kwa picha na alama za vidole, zilizotumika mwaka 2015 zilikuwa masanduku mazito yenye programu endeshi ya Windows. Zile za 2024 ni nyepesi, nazo hutumia Android. Katika Android mwenye kutunga programu huzungumza na tabaka la juu la kamera, na mwenye kuunda chombo huandika tabaka la chini, kila mmoja na faragha yake, wasipate kugombana. Nakiri kwamba mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na mpini wa jembe hata mistari ikafifia hatajali habari za matabaka. Yeye ataka kadi.

Ninayo kamera kuukuu, ambayo kiwanda chake kimekwisha kuisahau na diski yake haisomeki tena. Nikiichomeka katika kompyuta yenye Linux na maktaba ile ya gPhoto, kitambo kidogo hupita, kisha jina lake hujitokeza kiooni, herufi kwa herufi, na picha za harusi ya binamu yangu hufuata nyuma yake.