Utelezi Ndani ya Bidoni ya Maziwa

Ndugu, ingiza kidole katika mdomo wa bidoni ya maziwa, hata ile uliyoisafisha asubuhi. Pangusa upande wa ndani. Je, panateleza? Basi bidoni ile si safi, ijapokuwa maji ya mwisho yalitoka bila uchafu.

Utelezi ule ni nyumba ya mikrobe. Zinashika ubavu wa chombo, zinatoa ute, nazo zinazaana ndani yake. Katika miaka ya 1680 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa, alitazama kwa kioo cha kukuza uchafu wa meno yake mwenyewe, akaona vijidudu vikitembea. Alisukutua kwa siki. Vile vya juu vilikufa. Vya ndani ya uchafu vilibaki hai. Javeli nayo ni vivyo hivyo: nguvu yake inaishia katika ute.

Kwa hiyo wanaoshusha maziwa toka Masisi mpaka Goma, na wanaotengeneza jibini, waanze kwa kusugua. Maziwa yakiisha tu, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto yakitangulia huyapika mabaki, yakashikamana. Kisha maji ya moto, sabuni na burashi yenye mkono mrefu. Suuza. Ndipo utie javeli, iliyopunguzwa kwa maji kama karatasi yake inavyoagiza. Suuza tena kwa maji yaliyochemshwa, ukiinamishe chombo kikauke.

Wengine hutia mchanga na kutikisa. Sisi hatusifu kazi hii. Mchanga unakwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni kitanda kipya cha mikrobe. Bidoni iliyokwaruzwa sana iwekwe mafuta ya taa! Chombo cha aluminiamu chenye mdomo mpana ni ghali, lakini mkono unaingia, tena hakiogopi maji yanayochemka. Limau huondoa magamba ya maziwa, ila usilichanganye na javeli hata kidogo: hutoka hewa yenye sumu.

Mama mmoja atasema: “Lakini munganga, mimi nachemsha maziwa ya mtoto.” Vema, mama. Moto unaua mikrobe za kuhara, na zile za ng'ombe anayetupa mimba. Lakini ukiisha kuchemsha, unayamimina wapi? Ukiyarudisha katika bidoni ile yenye utelezi, usiku mikrobe zinazaana tena, na asubuhi mtoto anazinywa. Yaache katika sufuria uliyochemshia, uifunike.