Majarida ya Kale Yasifungiwe Njugu

Jioni moja, miaka mingi imepita sasa, nilinunua njugu za kukaanga Mji wa Kale, Mombasa. Nilipokwisha kuzitafuna nikaikunjua ile karatasi, maana si desturi yangu kutupa karatasi kabla ya kuisoma. Kumbe ni nusu ukurasa wa jarida la Kizungu, na ndani yake picha ya kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa pembe za ndovu, chenye kiegemeo cha kamba zilizosukwa na mahali pa kuwekea miguu. Lilikuwa tangazo la mwuza vitu vya kale. Jina lake, mji wake na bei ya kiti vilikuwa katika nusu ya pili. Nikamrudia kijana mbio.

"Mzee wangu, hiyo imeondoka na mteja aliyekutangulia," akaniambia.

Basi tangu siku hiyo nami nimo katika kundi la wakusanyaji wa majarida ya kale ya sanaa. Nyumbani hunicheka, wakasema naleta vumbi na mende. Lakini hebu nikueleze, msomaji, utamu wake uko wapi.

Mengi ya majarida haya asili yake ni Uingereza. The Connoisseur lilianza London mwaka wa 1901 na likakoma mwaka wa 1992. Lilifuatwa na The Burlington Magazine mwaka wa 1903, kisha Apollo mwaka wa 1925. Marekani nako, Antiques lilianza mwaka wa 1922. Hayo matatu yangali yakichapishwa. Zimo pia picha za masanamu yasiyo na nguo, nazo mimi huzipita upesi.

Wengine huyapenda kwa makala ya wataalamu. Mimi hupenda matangazo. Wauzaji walijaza kurasa tele kwa picha za mazulia ya Uajemi, vyombo vya shaba vya Misri na Sham, na sahani za Kichina. Makala huandikwa upya kila mtaalamu mpya akizuka, ila tangazo halibadiliki: hukuonyesha kitu kilivyokuwa mwaka ule, na kilikuwa mkononi mwa nani.

Chukua mambo ya sahani. Ni nyumba ngapi za Lamu na Mombasa zenye sahani ya bibi, inayosemwa kuwa ya Kichina? Soma majarida haya utajua kwamba mafundi wa China wa zama za Kangxi (1662–1722) waliandika chini ya vyombo vyao alama ya zama za Chenghua (1465–1487), kwa kuwaenzi wa kale. Kwa hivyo alama pekee si ushahidi. Na baadhi ya sahani zetu za maua hazikutoka China hata kidogo. Zilitoka Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 19. Usimwambie bibi.

Kuhusu viti vyetu, James de Vere Allen, aliyepata kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu, aliviandikia makala katika jarida la African Arts la mwaka wa 1989. Atakayeliona asilipite.

Na picha si mchezo. Mwaka wa 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Haukupita muda, vigango vikaibwa. Mwaka wa 1999 mama huyo akakitambua kimojawapo katika mkusanyo wa chuo kikuu cha Marekani. Picha yake ikawa shahidi, na mwaka wa 2007 kigango kikarejeshwa kwa wenyewe. Je, milango na viti vyetu vilivyopakiwa majahazini na melini, shahidi wake ni nani, kama si kurasa hizi tunazofungia njugu?

Ukiyapata, yalaze bapa, mbali na ukuta. Hewa yetu ya bahari ni adui: karatasi ile ya kung'aa ikilowa kisha ikakauka, kurasa hushikana kama zilizotiwa gundi, na ukizibandua picha hutoka. Usiyaanike juani wala usikate picha za kutundika ukutani, kwa kuwa tarehe na jina la mwuzaji huenda viko nyuma yake.

Ile nusu yangu ningali nayo, ina madoa ya mafuta. Kila nipatapo furushi jipya hutazama matangazo kwanza. Kiti sijakiona.