Amplifaya mpya sebuleni: Wati nyingi za nini, na masikio ya mtoto je?

Amplifaya ya zamani ikiungua, swali la kwanza la baba wa nyumba akifika dukani huwa moja: hii ina wati ngapi? Muuzaji naye analijua jibu linalouza. Ataonyesha boksi lenye namba kubwa, 3,000 au hata 8,000, na biashara itaishia hapo.

Kwa familia yenye spika za kawaida, hasara yake mara nyingi ni fedha tu. Lakini zipo nyumba ambazo sebuleni kuna zile spika kubwa za zamani, zenye koni ya karatasi pana kama sinia na pengine honi juu yake, zilizoachwa na babu au kununuliwa mtumba. Huko namba hiyo inagusa afya. Spika za aina hiyo hazihitaji nguvu nyingi, na mtoto anayecheza kwenye zulia mbele yake hajui kusema kwamba sauti imezidi.

Spika hutofautiana katika uwezo wa kugeuza umeme kuwa sauti. Kipimo chake huandikwa kwa desibeli, nyuma ya spika yenyewe au kwenye kitabu chake, nacho hueleza sauti inayosikika mita moja mbele ya spika iliyopewa wati moja. Spika nyingi ndogo za siku hizi hutoa desibeli 84 hadi 89. Zile zinazolia kwa urahisi hutoa 95 na kuendelea. Kampuni ya Klipsch, iliyoanzishwa na Paul Klipsch mwaka 1946 katika mji wa Hope, Arkansas nchini Marekani, ilijijengea jina kwa spika za honi za namna hiyo, na spika yake iitwayo La Scala hutajwa na kampuni kuwa na desibeli 105.

Tofauti ya 10 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3, nguvu inayotakiwa ni mara mbili. Zikiongezeka 10, ni mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 97 ikipewa wati 1 hulia sawa na spika ya 87 iliyopewa wati 10, na amplifaya ndogo ya wati 10 kwa spika ya kwanza hufanya kazi ya amplifaya ya wati 100 kwa ya pili.

Sasa hesabu hiyo iletwe sebuleni. Spika mbili za desibeli 97, kila moja ikila wati moja tu, zinaweza kufikisha desibeli 90 au zaidi kwenye kochi lililo mita tatu mbele. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) kuhusu vifaa vya kusikilizia muziki unaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa mtoto. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua kwa nusu. Mtoto anayesikiliza desibeli 90 anabakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima. Mwongozo huo ulilenga zaidi simu na vifaa vya kuvaa masikioni, lakini sikio ni lilelile.

Na hapo ni wati moja, wakati boksi la dukani linajivunia 3,000.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kama taarifa. Binadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. WHO inakadiria watu milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, wakiwamo watoto milioni 34. Si wote walioumizwa na kelele, kwani wengi waliugua masikio au walizaliwa hivyo. Kelele, hata hivyo, ni sababu ambayo mzazi ana uwezo nayo akiwa nyumbani kwake.

Kinachofaa kutafutwa dukani

Kwa spika zinazolia kirahisi, amplifaya ya wati 10 hadi 30 za kweli kwa kila upande inatosha sebule ya kawaida, na inabaki. Wati za kweli ni zile zilizoandikwa RMS. Herufi PMPO ni hesabu ya kibiashara isiyo na kanuni moja, ndiyo maana sabufa ndogo inaweza kuandikwa maelfu ya wati huku waya wake wa umeme ukiwa mwembamba kuliko wa pasi.

Suala kubwa zaidi ni utulivu wa amplifaya yenyewe. Kila amplifaya ina kelele yake ndogo, msss wa chinichini au mvumo wa umeme. Spika ngumu kusukuma huificha kelele hiyo, wakati spika nyepesi huitoa yote hadharani. Ni kero kubwa usiku, mtoto amelala na nyumba imetulia. Kwa hiyo mnunuzi aombe kuunganishiwa spika, sauti ishushwe hadi mwisho, muziki usiwepo, kisha asogeze sikio kwenye spika ndogo ya juu. Kama kelele inasikika hata akirudi nyuma hatua mbili au tatu, amplifaya hiyo haifai kwa spika zake, hata kama bei ni nzuri.

Baada ya hapo aweke muziki kwa sauti ndogo kabisa. Amplifaya nyingi za bei ya chini huanza kwa upande mmoja kulia kuliko mwingine, na hujisawazisha tu sauti ikipanda. Mwenye spika kubwa atabaki kwenye eneo hilo la mwanzo maisha yake yote, kwa sababu kitufe kikizungushwa hadi robo tu, nyumba nzima inatikisika. Wauzaji wengi hupenda kuonyesha sauti kubwa, hivyo jaribio hili litalazimika kuombwa. Fundi wa kweli hatalishangaa.

Wapo wapenzi wa muziki wanaosifia amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo zinazowaka. Wana hoja: valvu moja maarufu, 300B, hutoa takribani wati 8 tu, na kwa spika za namna hii zinatosha. Lakini kioo kile kinaunguza, na ndani yake kuna mamia ya volti yanayoweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuzimwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isubiri kwanza.

Tahadhari nyingine ni ya mtumba. Amplifaya nyingi nzuri za zamani zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Maandishi ya nyuma yasomwe kabla ya kuchomeka, na kama inahitaji transfoma ya kupunguza umeme, gharama hiyo ihesabiwe kwenye bei.

Kabla ya yote hayo, fundi aipime ile iliyokufa. Wakati mwingine ni fyuzi au kapasita zilizokauka. Apime na spika pia, kwa kuwa amplifaya inayokufa vibaya inaweza kuzipitishia umeme unaounguza koili zake, na kununua mpya bila kujua hilo ni kujitafutia hasara ya pili.

Baada ya kuifunga

Spika zisogezwe mbali na mahali mtoto anapochezea, kwa sababu akikaa nusu mita badala ya mita moja, sauti inayomfikia inaweza kuongezeka kwa desibeli 6 hivi. Spika nzito isimame pasipoweza kuangushwa. Programu za simu za kupima sauti hutoa makadirio tu, lakini zinatosha kumwonyesha mzazi kama kwenye zulia kuna 70 au 90.

Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni kila mara, asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, anayelalamika masikio yanalia, au anayechelewa kuongea, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Baadhi ya amplifaya za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, na inafaa kuiulizia kabla ya kulipa. Isiyo nayo hubandikwa alama ya tepu nyekundu pembeni ya kitufe, mahali ambapo mzazi amepima na kuridhika. Hata wa miaka sita anaielewa, na mara nyingi ndiye atakayemkumbusha baba siku ya mechi.