Tuwafundishe Watoto Wetu Kuitazama Sinema

Akina mama wenzangu, siku moja nilikwenda kwenye banda la video huku Biharamulo kumtafuta mwanangu wa mwisho. Nilimkuta amebanana na wenzake kwenye benchi, wote wanacheka hadi machozi. Nikatazama televisheni: mwanamke alikuwa anapigwa na mumewe.

"Pale cha kuchekesha kilikuwa nini?" nilimwuliza tukirudi nyumbani.

"Mama, ni maneno ya yule DJ."

Filamu ilikuwa ya kigeni, na juu yake imepachikwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyompatia Lufufu jina kubwa hapa nchini. Wapo wanaoifanya vizuri. Lakini huyu wa siku ile alikifunika kilio cha mwanamke kwa mzaha. Mimi ni muuguzi, nimewashona wanawake waliopigwa namna hiyo, na kicheko cha mwanangu kiliniuma.

Kumkataza ningeweza, lakini simu ziko kila mahali. Nikaona afadhali nitazame naye. Tuliipata filamu ile ile kwenye simu ya kaka yake, nikazima sauti, tukakirudia kipande kile. Safari hii hakucheka. Hapo akaelewa kwamba sinema si picha tu. Sauti nayo, iwe ya muziki au ya msimulizi, hutuongoza tucheke au tuhuzunike.

Jambo lingine la kuuliza ni kamera imesimama wapi. Sisi tuliokuwa Ngara mwaka 1994 tunalijua hili. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Picha zilizoenea duniani zilikuwa nyingi za mbali: barabara imejaa vichwa na mizigo, mwisho wake hauonekani. Picha ya mbali ina kazi yake, kwani huonyesha ukubwa wa jambo. Lakini haitenganishi mtu na mtu. Katika umati ule walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo walioshiriki mauaji. Kwa mbali wote ni mizigo na vichwa.

Mimi ninachokumbuka cha Benaco ni mama mmoja akichambua maharage huku akimkemea mtoto aliyeyamwaga, kama mama yangu alivyonikemea mimi. Hiyo ndiyo ingekuwa picha ya karibu. Nayo isingeonyesha lile kundi lote. Kwa hiyo mwanangu nimemzoeza kuuliza: tumesogezwa karibu na nani, na nani ameachwa mbali?

Halafu kuna kazi ya mhariri, yule anayekata vipande vya picha na kuviunga. Yeye na mwongozaji ndio huamua tuone nini kwanza. Hili tulilizungumza katika kikundi chetu cha akina mama tulipoitazama Neria, filamu ya Zimbabwe iliyoongozwa na Godwin Mawuru. Mama mchungaji alikuwa anatutafsiria Kiingereza, bila mzaha. Neria anafiwa na mumewe Patrick, na shemeji yake Phineas anajitwalia mali akisingizia mila, hadi mjane anakwenda mahakamani. Lakini kabla ya msiba tumekwisha kuiona ndoa yao na jinsi wote wawili walivyochuma kwa jasho. Phineas anapodai kwamba mali ni ya ndugu yake, sisi watazamaji ni mashahidi tayari. Kama filamu ingeanzia kwenye mazishi, baadhi yetu tungeweza hata kumsikiliza.

Wengi walitaka kuzungumzia hukumu. Dada mmoja aliyefiwa na mumewe hakuwa amesema neno tangu mwanzo. Akaomba turudishe nyuma.

"Hadi wapi?" tukamwuliza.

"Pale mume bado yu hai. Shemeji zangu sehemu hiyo hawataki kuikumbuka."

Tuliirudisha. Baadaye wawili wetu tulibaki naye hadi jioni tukiandika kwenye daftari vitu alivyochuma na marehemu: mabati ya nyumba, mbuzi, na shamba la migomba walilolinunua wote wawili.