Sulisuli na Upanga Wake

Wavuvi wa Marereni na wa pwani yote ya Malindi wamjua sana sulisuli, samaki wa bahari kuu mwenye mdomo mrefu kama upanga, na pezi la mgongoni lililo kama tanga. Huonekana kwa wingi wakati wa kaskazi, akifuata makundi ya samaki wadogo.

Watu wengi hudhani kwamba huwachoma samaki hao kwa mdomo wake, kama mtu achomaye kwa mkuki. Sivyo. Mwaka 2014 wataalamu waliomtazama katika bahari ya Mexico walieleza kwamba huutia upanga wake taratibu katikati ya kundi la dagaa, nao hawashtuki. Ndipo huupiga ghafula kando, upande huu au huu, akawajeruhi. Wakati huo husimamisha tanga lake ili mwili usiyumbe.

Tena mara nyingi hawindi peke yake. Sulisuli kadha wa kadha hulizunguka kundi moja, wakishambulia kwa zamu. Katika mashambulio manne, yapata moja tu humpatia samaki. Lakini karibu kila shambulio huacha majeruhi. Aliyejeruhiwa na huyu huliwa na yule, hata wote wakapata riziki.

Yasemwa pia kwamba mbio zake hufika kilomita 110 kwa saa. Lakini hesabu zilizotangazwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba upeo wake ni kama kilomita 30 tu. Basi nguvu yake si mbio peke yake, bali ni ustadi wa upanga na kupokezana kazi.

Sulisuli atokapo katika yai huwa na urefu wa milimeta chache, wala hana upanga. Lakini hukua upesi, hata aweza kupita meta moja katika mwaka wake wa kwanza.

Huko Watamu kiko chama kiitwacho African Billfish Foundation, ambacho huwatia samaki hawa alama yenye namba na kuwaachilia, ili safari zao zijulikane. Mvuvi aipatapo alama hiyo asiitupe. Na aandike namba, siku na mahali, kisha apeleke habari Watamu. Naye amwingizapo sulisuli chomboni, ajihadhari: upanga uliozoea kupiga kando hauchagui kati ya dagaa na mguu wa mtu.