Bunduki ya urithi: Ikague kabla ya kuing'arisha

KATIKA nyumba nyingi za mashambani Marekani na Uingereza, bunduki kuukuu ya marisau yenye mitutu miwili ni sehemu ya urithi kama lilivyo shamba lenyewe. Hukaa darini miaka mingi, hadi mjukuu anapoishusha na kujiuliza maswali mawili: bado inapiga, na ina thamani gani?

Maswali yote mawili hujibiwa na hali ya mitutu. Kitako kilichopasuka hutengenezeka. Lakini mtutu uliokonda kwa kutu haurudishiwi unene wake, na ukipasuka unaweza kung'oa vidole vya mkono ulioushika. Ndiyo maana ukaguzi hutangulia ukarabati.

Nyingi ya bunduki hizo zilitengenezwa kati ya miaka ya 1870 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika miji kama Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji, au katika viwanda vya Marekani. Wakati huo ilikuwepo mitutu ya aina ya Damascus, yaani vipande vyembamba vya chuma na feleji vilivyosokotwa kama kamba, kisha kuzungushwa na kufuliwa kwa nyundo mpaka vikawa bomba. Maua yake huvutia macho, lakini mingi ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, si baruti ya kisasa isiyo na moshi.

Vipimo vya nyumbani

Jambo la kwanza ni kuifungua bunduki na kuhakikisha matundu yote mawili hayana risasi. Kisha mitutu hutenganishwa na kitako, ikaning'inizwa na kugongwa taratibu kwa kijiti. Ikilia kama kengele, ukanda unaoiunganisha bado umeshika. Ikitoa sauti ya debe bovu, huenda risasi iliyolehemu kiungo hicho imeachia.

Baada ya hapo mmiliki hutazama ndani ya mitutu kuelekea kwenye mwanga. Duru za kivuli zilizovunjika huashiria kubonyea, na madoa meusi yaliyozama ni vishimo vya kutu. Aidha, bunduki ikifungwa bila kibao cha mbele na kutikiswa, haitakiwi kucheza kwenye bawaba.

Mtego mkubwa zaidi ni urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65, wakati risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Urefu huo hupimwa risasi ikiwa imeshafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Kwa hiyo risasi ndefu huingia bila shida kwenye chemba fupi, lakini inapofyatuliwa mdomo hukosa nafasi ya kufunguka vizuri na shinikizo hupanda.

Unene wa kuta za mtutu hauonekani kwa macho. Unahitaji kipimo maalumu na fundi bunduki anayejua kukisoma.

Muhuri na bei

Nchini Uingereza, mitutu hujaribiwa na kupigwa muhuri London au Birmingham, ambako kituo cha majaribio kilianzishwa mwaka 1813. Kuuza bunduki iliyopoteza sifa za muhuri wake ni kosa kisheria. Marekani haina kituo cha taifa cha namna hiyo, hivyo mzigo wa ukaguzi humwangukia mnunuzi.

Hapa ndipo ukarabati wa pupa unapomtia mtu hasara. Msasa hufuta nakshi na mihuri ambayo mnunuzi huitafuta. Bisibisi isiyolingana na skrubu huacha makovu. Kibaya zaidi ni kutia rangi nyeusi kwa kuchemsha mitutu kwenye dawa kali za chumvi, maana dawa hizo hula risasi iliyolehemu mitutu, na pia huharibu mitutu ya Damascus.

Kazi salama ya nyumbani ni ndogo na gharama yake si kubwa: kufuta kutu nyepesi kwa mafuta, kuinua sehemu za kitako zilizobonyea kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, kisha kupaka mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kwa Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayotaka mmiliki awe na leseni. Aliyeachiwa bunduki na marehemu aanzie polisi, si kwenye boksi la vifaa vya ufundi.

Bunduki ikifeli vipimo, bado inaweza kutundikwa ukutani kama kumbukumbu pale sheria inaporuhusu. Gharama ya kumlipa fundi aipime haiwezi kulinganishwa na gharama ya mkono.